Nilimwambia Uko Nyuma, Unakuja

Mume wangu Baba Salma,

Assalaam aleikum. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayepita makaburini huwasalimu waliolala, hata kama jibu halisikii. Basi nimekusalimu. Nakuandikia nikiwa Milola, nimekaa kwenye kigoda cha watu, nje ya nyumba ya watu, na gari ya kurudi Lindi mpaka kesho asubuhi. Karatasi nimeomba kwa mwalimu wa shule ya hapa, ndiyo maana ina miraba ya hesabu. Usinicheke.

Safari yetu nimeianza, mume wangu. Naifanya peke yangu, na kuna mahali nimeifanya vibaya sana, na wa kumweleza sina ila wewe. Barua yenyewe siifichi. Salma akiitaka nitampa, na mwingine akiitaka aisome. Huenda yuko mwanamke mwenzangu aliyetoka eda jana, hajui kinachomngoja huko nje.

Unakumbuka ilivyoanza? Mvua ya masika ilivuja chumbani kwetu, ukashusha vitu vyote vya juu ya kabati, ikatoka ile bahasha ya kaki. Picha ishirini na mbili, na hata moja si ya ndugu yetu. Ulikaa nazo kitandani mpaka chai ikapoa. Zilikuwa za miaka ile ya ujana wako, ulipokuwa ukipanda basi msimu wa korosho na kile kitambaa chako kilichochorwa ndege, unakitundika kwenye ukuta wa mtu, kijiji kizima kinajipanga kupigwa picha mbele ya ndege. Filamu ulikuwa ukiipeleka Dar kusafishwa, mwezi mzima unapita, ukirudi na picha unakuta huyu amehamia shamba, yule ameolewa kwingine, hawa hawajulikani walipo. Ndizo zilizobaki mikononi mwako.

"Sura za watu hizi, Mama Salma," ulisema. "Si zetu."

Nikakuuliza, sasa unatakaje? Ukasema twende. Tuanzie Somanga, tushuke Mchinga, tuingie Milola na vijiji vya mbele, kila mtu apewe picha yake, kisha tumpige nyingine ameishika ile ya zamani. Nikacheka. Nikakwambia, wewe mzee, mtoto wa jicho ameshakufunika jicho la kulia na kwenye la kushoto yuko njiani, utampiga nani picha, au utapiga miti? Hukukasirika. Ukasema, "Ndiyo maana nimesema twende, sikusema niende."

Hapo ukanimaliza.

Wiki tatu ulinifundisha kamera. Kila asubuhi nikimaliza kuuza vitumbua, mikono bado inanuka mafuta, unaniita uani, unasimama kwenye mpapai, unavuta tumbo ndani. Mimi nabonyeza. Tunatazama, hapa kuna shati, kuna mkanda, kuna viatu, kichwa hakuna. Nabonyeza tena, kichwa hakuna. Na wewe, na jicho lako bovu, hilo ndilo ulilokuwa ukiliona kwanza.

"Umenichinja tena, Mama Salma! Na bismillahi hukusema!"

"Kichwa chenyewe kirefu kama nini. Kiteremshe!"

Majirani walikuwa wakitusikia wakidhani tunagombana. Tulikuwa tukicheka mpaka unakohoa. Halafu ukishapumua unakuja nyuma yangu, unanishika viwiko, unaniambia usikimbilie kubonyeza, mwache mtu kwanza akuzoee, akichoka kujipanga ndipo atakuwa yeye. Maneno hayo niliyaona ya kujisifu. Nilidhani upigaji picha ni kidole tu.

Safari ulitaka tuondoke Jumatatu. Mimi ndiye niliyesema tungoje, maana arusi ya jirani ilikuwa Jumamosi na vitumbua vyote nimeagizwa mimi. Tukasogeza mpaka Jumapili. Begi likafungwa, likawekwa nyuma ya mlango: nguo zako, nguo zangu, kamera na betri mbili, bahasha, na ile kofia yako mpya uliyokataa kuivaa kabla ya safari. Alhamisi baada ya alasiri ukasema kifua kimekubana. Ukakaa barazani. Shemeji Hamisi akakimbilia gari, na gari ilipofika ulikuwa umeshaondoka, kichwa kiko mapajani kwangu. Ijumaa tukakuzika.

Watu waliniambia ahadi yake imefika, ingefika hata Somanga. Najua. Lakini kila nikikumbuka nilikucheleweshea safari yako kwa ajili ya vitumbua vya arusi, roho inaniuma, na hakuna shehe anayeniondolea hilo.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ile ile, wifi yangu Zuhura kanikalia kama askari. Usitoke. Usijipake. Usisimame mlangoni. Namwambia wifi, hata nikitoka niende wapi, aliyekuwa akinitoa ameshaondoka. Anasema, "Basi kaa." Simlaumu, alinipikia siku zote hizo na yeye ana kwake. Begi lilibaki pale pale nyuma ya mlango. Kila nikifunga mlango linanigusa mguu.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikulijua mpaka nimetoka. Muda wote ule, habari ya kifo chako haikupita kinywani mwangu hata mara moja. Msikitini walitangaza wao. Ndugu zako walipigiwa simu na Shemeji Hamisi. Salma aliambiwa na mumewe. Kila aliyeingia kwangu aliingia akijua, ameshajitanda kanga, anasema "pole, Mama Salma", nami najibu "tumeshapoa". Ndiyo kazi niliyokuwa nayo, kupoa. Mwanamke wa eda haendi kwa mtu kumpa habari, habari humtangulia, watu humfuata yeye. Mimi niliyesifika kwetu Kivinje nzima kwa mdomo, neno hilo moja nilikuwa sijalisema.

Eda ilipokwisha, wakaniogesha, hitima ikasomwa, Salma akaja kunichukua nikakae naye Dar. Nikamwambia nitakuja, lakini kwanza naenda safari ya baba yako.

"Mama, safari ya nini tena? Watu siku hizi wanatafutwa kwenye simu. Tuma picha, zitasambaa."

"Wazee wa Milola wana simu za kusambaziwa wewe?"

"Mama nawe! Utaenda na nani?"

Nilikwenda uani nikajifanya naanua nguo. Jumapili nikachukua begi lile lile, sikulifungua hata kuona kilichomo, nikapanda gari ya Somanga.

Somanga hapakuwa na shida. Wenye picha walikuwa watatu, na wote watatu walikuja mazikoni, pale na kwetu si mbali. Walinipokea vizuri, wakanipa pole, nikasema tumeshapoa, nikawapa picha zao. Nikawapiga. Wawili niliwakata vichwa, ikabidi nirudie. Nikasema moyoni, kumbe safari hii naiweza.

Siku ya pili nikashuka Mchinga.

Nyuma ya picha uliandika kwa mkono wako, "Somoe, karibu na kisima cha msikiti." Niliulizia, nikaonyeshwa mama mmoja mnene, kanizidi miaka kumi na kitu, amekaa barazani juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikasema shikamoo. "Marahaba, mdogo wangu, karibu." Hakuniuliza natoka wapi mpaka nimepewa mkeka na maji. Nikatoa picha nikamwekea mapajani.

Aliitazama, akapangusa mkono kwenye kanga, akaishika vizuri.

"Hiki si kile kitambaa cha ndege? Loo! Yule kijana mwembamba wa Kivinje! Alinisimamisha mbele ya ndege, na mimi hata Lindi nilikuwa sijafika. Tazama! Kumbe nilikuwa na meno yote!"

Alicheka mpaka nazi ikamwagika. Nikasema, kijana huyo ndiye mume wangu. Akanishika mkono, akaniangalia, akaangalia njia niliyojia.

"Mwenyewe yuko wapi?"

Swali dogo, Baba Salma. Maneno mawili ya kulijibu, mtoto wa madrasa anayaweza. Nilifungua mdomo niyaseme, nikasikia sauti yangu inasema, "Yuko nyuma, anakuja."

Wallahi sikukusudia. Ningeweza kurekebisha pale pale, nikasema samahani dada, nimepitiwa. Lakini yeye alikuwa ameshanyanyuka, ameshaongeza mchele, anasema hapa hamli kwa mwingine. Alikuwa na samaki changu, akampaka nazi. Akaniuliza kama bado unapenda pilipili. Nikasema mno. Akasema siku ile ya picha ulikula kwake, pilipili ikakutoa machozi na ukaomba tena, na mama yake akasema kijana huyu ataoa mwanamke mkali. Miaka yote ya ndoa yetu hilo hukuniambia! Nilicheka, nikataka nikifika nyumbani nikuulize.

Tukakaa. Adhuhuri ikapita. Wewe akakuwekea chako, kile kichwa cha samaki juu ya wali, akafunika kwa kawa. Kila mtu akipita njiani Bi Somoe ananyoosha shingo. "Mbona hafiki? Amepotea?" Nasema amekutana na watu, ukimjua yeye kwa mazungumzo. "Macho yake mazima?" Nasema moja linamsumbua, tunangoja akafanyiwe. Uongo haukai peke yake, unaita wenzake, na mimi nikawakaribisha wote.

Nikwambie kweli? Zilikuwa saa nzuri kuliko zote tangu uondoke. Nyumba nzima ilikuwa inakungoja. Tulikuwa watu wawili tunatazama njia moja, mmoja wetu hajui kitu, na mimi nilikuwa nimejificha ndani ya kutojua kwake. Kuna mara mlango wa uani ulilia, nikageuka. Niligeuka, Baba Salma, kama mjinga.

Alasiri ilipoingia nikaona sasa nitaumbuka. Nikamwambia labda umepitiliza, tutakutana Lindi. Bi Somoe hakutaka kusikia. Akachukua bakuli lake la udongo lenye mfuniko, akatia chakula chako, akafunga kwa kitambaa. "Mpelekee. Mtoto wa watu hajala tangu asubuhi."

Nikapanda gari na chakula chako mapajani. Jirani yangu kwenye kiti akasema, mama, wali wa nazi huo unanukia, unampelekea nani? Nikamwambia mume wangu. Mara ya pili ikawa rahisi zaidi, na hapo ndipo nilipoogopa. Niliona nikiendelea hivi nitakutembeza pwani yote, kila kijiji uko nyuma unakuja, na nitarudi Kivinje nimekaa barazani nakungoja kweli.

Lindi nililala nyumba ya wageni, bakuli liko mezani. Chakula chako sikuweza kukila na sikuweza kukimwaga. Asubuhi kilikuwa kimechacha. Nikakimwaga, nikaliosha bakuli, na lilipokauka nikaliangalia, nikajua nimekwisha. Bakuli la watu lazima lirudi. Na chombo cha mtu hakirudi kitupu, hata mama yangu maskini hakuwahi kurudisha kitupu. Nikaenda sokoni nikanunua ndizi mbivu, nikazipanga ndani, nikapanda gari ya Mchinga. Njia ya mwongo fupi, yangu ilitoka Lindi ikarudi Mchinga.

Bi Somoe aliponiona akafurahi. Akapokea bakuli.

"Alikula?"

"Hakula."

"Kwa nini? Samaki hakumpendeza?"

Nikakaa chini kwenye sakafu, sikungoja mkeka. Nikasema, "Bi Somoe, mume wangu amefariki. Jana nilikudanganya. Ana miezi mitano kaburini."

Basi nimelisema. Lilitoka na sauti ambayo siijui, nene, kama ya mwanamume. Nikaanza kulia kilio ambacho Zuhura hakukiona siku zote za eda, cha kelele, cha kamasi, majirani wakachungulia.

Nilidhani Bi Somoe atanikumbatia. Thubutu! Aliweka bakuli chini, akashika kiuno.

"Mwanamke wewe! Jana kutwa namwekea samaki mtu anayetaka Fatiha?"

"Nisamehe dada."

"Usiniombe mimi. Mimi nilimwita mlangoni, nikamngoja, nikasema ana maringo, na yeye maskini yuko kwa Mola wake hana hili wala lile. Astaghafirullah. Nyamaza sasa. Una udhu?"

Sikuwa nao. Alinimiminia maji mwenyewe, kwa hasira, akinimwagia mpaka kwenye nguo. Tukakaa tukasoma. Yeye sauti yake nzuri, mimi nafuata kwa nyuma nikikatika. Tulipomaliza akamenya ndizi, akanipa nusu.

"Lakini ulidanganya vizuri," akasema. "Mimi nilikuwa nimeshaanza kumsikia."

Nikamwambia hata mimi.

Kisha akajifunga kanga mpya, akashika picha yake, akasimama. Sikukimbilia kubonyeza. Nilimwacha akajipanga, akachoka, akaanza kunisimulia habari ya mama yake, hapo ndipo nikabonyeza. Kichwa kimo. Meno aliyobakiwa nayo yamo yote.

Mchinga nilikuwa na nyumba mbili zaidi. Kwa fundi seremala mmoja nililisema mlangoni kabla hajauliza, nikalia. Nyumba ya tatu, mwenye picha naye ameshafariki, akaja binti yake. Akaniambia "mama hayupo", nikamwambia "na mpiga picha hayupo", tukashikana mikono, wafiwa wawili, tukalia pamoja. Jana hapa Milola, kwa mama mmoja anayechambua mbaazi, nililisema nikiwa nimesimama, machozi yakanishuka bila kelele, akanisogezea ungo nikae naye tuchambue. Tukachambua mpaka jua likapanda.

Leo asubuhi nilikwenda kwa mzee mmoja shambani kwake, mbali kidogo. Nilimkuta anapalilia mikorosho. Nikamwamkia, nikasema, mume wangu ndiye aliyekupiga picha hii, amefariki mwaka huu, Mungu amrehemu, picha yako hii hapa. Nilisema kwa mkupuo, kama ninavyotaja bei ya vitumbua. Mzee akasema pole, nikasema tumeshapoa. Nikamwambia asogee kivulini nimpige. Akanipa maji, akanishukuru, nikaaga.

Nikiwa njiani narudi nikagundua kwamba sikulia. Mara nne zote nimelia, hii ya tano imetoka kavu, imenyooka, kama habari ya mume wa mtu mwingine. Nikajaribu kulia kwa nguvu, nikalitaja jina lako kamili, hakikuja kitu. Nikaendelea kutembea, nikajikuta nafikiria gari ya kesho na kama nitapata kiti cha dirishani. Hapo ndipo nilipokaa chini kando ya njia, Baba Salma, nikalia mpaka mbeba mkaa aliyekuwa akipita akashuka kwenye baiskeli yake akaniuliza, mama, umepata msiba leo?

Nikamwambia ndiyo, leo.

Bahasha bado ina picha kumi na nne, za vijiji vya mbele. Milango kumi na nne, na kwenye kila mlango nitakusema, na najua sasa kila nikisema itakuwa rahisi zaidi. Nenda na amani, mume wangu. Nisamehe nikizoea.

Mkeo,
Mama Salma